Nukta Mbili Chini ya Be

Bi Mize kazikwa Bwejuu Ijumaa, na jana nilikwenda kwenye khitma yake. Nilikaa ukumbini na wanawake wenzangu, juzuu mkononi, nikisoma kwa macho tu. Baada ya dua na baada ya chakula, Salma alinivuta pembeni akanipa furushi lililofungwa kwa kanga kuukuu ya rangi ya ndimu iliyopauka. Salma ni mtoto pekee wa Maalim Haroub, mwalimu wangu wa zamani, na Bi Mize ndiye aliyewapikia baba na mtoto katika nyumba yao ya Kiponda tangu mama yake Salma alipofariki. "Lilikuwa sandukuni mwake tangu baba afe," aliniambia. "Kila nikija kumtazama nnamwambia Bi Mize, nipe nimpelekee mwenyewe. Hataki. Anasema, aje alichukue kwa mkono wake." Mimi sikwenda. Kutoka Mbweni ninapokaa hadi Bwejuu ni safari ya asubuhi moja, barabara nzuri ya lami, na nimepita karibu na kwake mara nyingi, mara harusi ya Paje, mara msiba wa Makunduchi, kila mara nikijiambia safari ijayo. Aibu ikikaa sana hujifanya shughuli.

Sasa furushi liko mezani mbele yangu. Kwa uzito wake na kwa kingo zake ninazozipapasa juu ya kanga ninajua kilichomo, na ndiyo maana sijalifungua. Nimechemsha chai nikaiacha ipoe. Nimefuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Mwanamke wa miaka sitini na sita, aliyetumia maisha yake yote akifundisha tenzi na watunzi wa karne ya kumi na tisa, anaogopa karatasi! Basi kabla sijafungua nataka kuusema mwaka ule wa Kiponda kama ulivyokuwa, maana nikishafungua nitaanza kuukumbuka kwa namna nyingine.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipopelekwa kwa Maalim Haroub, na nilipelekwa kwa sababu ya macho. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu, na mjini ndiye aliyekuwa akitajwa kila mtu akitaka kujua jambo la watunzi wa zamani: nani katunga nini, kwa sababu gani, hati iko kwa nani. Lakini jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakwisha, na la kulia, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa linaona dunia kutoka ndani ya chandarua. Alihitaji mtu wa kumsomea. Wengi wetu tulipita chuoni tukaijua Kurani, lakini kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni jambo jingine kabisa, na vijana walioliweza walikuwa wa kuhesabu. Mimi niliweza kwa bahati tu, maana nilizoea kuwasomea majirani barua zao za zamani. Alinijaribu kwa ukurasa mmoja. Nilijikwaa mara tatu, akacheka, akasema, "Huyu anajikwaa pale pale ninapojikwaa mie. Njoo Jumamosi."

Chumba chake kilikuwa orofa ya pili, kirefu na chembamba kama vyumba vyote vya mji ule, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ukutani mlikuwa na vidaka, na ndani ya vidaka, badala ya mabakuli ya kichina, alipanga hati zake zilizofungwa vitambaa na kutiwa karafuu kuzuia wadudu. Dirisha moja lilitazama njia, na chini yake palikuwa na baraza ya mawe ambapo wazee walikaa na kahawa yao kuanzia alasiri, na sauti zao zilipanda mpaka kwetu kana kwamba wamo chumbani. Mlango ulitazama uwazi wa katikati ya nyumba, na ng'ambo ya uwazi ndiko lilikokuwa jiko la Bi Mize. Kwa hiyo mwaka ule nilisoma nikiwa katikati ya mazungumzo mawili: upande mmoja wanaume wakizungumza heshima ya mji, upande mwingine mwanamke mmoja akigombana na samaki.

Kazi yetu ilikuwa utenzi mmoja tu. Ulikuwa utenzi wa nasaha, karatasi zake zimegeuka rangi ya tangawizi kavu, na ulikuwa umetunzwa katika ukoo wa Maalim tangu karne ile. Ukoo ulisema ulitungwa na baba wa babu yake, kadhi aliyesifika kwa mijadala, ingawa mtunzi hakutaja jina. Alichokiacha ni ubeti wa mwisho, ambao Maalim aliujua kwa moyo na aliusoma akiwa amefumba macho:

Mwenye kuyatunga haya
mbishi nisiye haya
jina langu sikutaya
ila moto wanijuwa.

Sikutaya, yaani sikutaja. Ndivyo walivyokuwa wakisema. "Unaona?" Maalim aliniambia siku ya kwanza. "Mbishi. Mtu wa mijadala, anajilaumu kwa kupenda kubishana, na anauogopa moto wa Akhera. Ni yeye babu yangu, hana maficho." Juu ya neno hilo moja alikuwa ameandika sharahi nzima, maelezo ya utenzi kurasa kwa kurasa, kwa mkono wake mwenyewe na kwa herufi zile zile za Kiarabu, maana ndizo zilizokuwa za moyo wake. Kila ukurasa ulimtaja mtunzi kwa lakabu hiyo: Mbishi kasema, Mbishi kakusudia, Mbishi alikuwa mjuzi wa fikihi. Mimi nilikuwa nikimsomea, yeye akisahihisha, kisha nikinakili kwa herufi za kawaida ili kitabu kipelekwe mtamboni kuchapwa. Alikuwa na hamu nacho kama mtu anayesubiri mjukuu. Mhadhara wa kukitambulisha ulishapangwa, wiki mbili baada ya Sikukuu, na wakubwa wa mji wangekuja kusikiliza.

Alinifunza mambo mawili, na yote mawili yalikuja kunidai. La kwanza lilihusu herufi. Siku hizi tukiandika Kiswahili kwa herufi zile, be ina nukta moja chini, na pe tunaitilia nukta tatu. Lakini mwandishi wa hati ile kongwe hakutumia pe hata mara moja. Kila palipotakiwa pe alitia be ya nukta moja: penda kaiandika benda, pole kaiandika bole, na msomaji atajua mwenyewe. "Kwa hiyo," Maalim alisema akigonga meza kwa kidole, "kila be iulize: wewe be au pe? Usiipite bila kuiuliza, hata kama unaijua." La pili lilihusu adabu. Siku moja niliona nukta imefutika nikachukua penseli niirejeshe. Alisikia mkwaruzo, akanishika mkono. "Hati ya mtu haitiwi nukta. Ukimtilia nukta umemtia maneno kinywani, na yeye hayupo kukukatalia." Niliweka penseli chini.

Adhuhuri ikipita tulikula. Bi Mize alitandika mkeka mwenyewe na kuleta sinia, wali wa nazi na mchuzi wa changu, au muhogo na samaki wa chumvi, na siku akiwa na furaha, mkate wa kumimina. Alikuwa mfupi, mwepesi, mkali kuliko pilipili zake, na akikasirika sana Kiswahili cha mjini kilimkimbia akabaki na cha kwao Bwejuu, ambacho mimi nilikipata nusunusu. Vitabu hakuviheshimu hata kidogo. "Ondoeni maiti wenu nipitishe chakula," alikuwa akisema, na Maalim, aliyeogopwa na walimu wa mji mzima, aliondoa karatasi haraka kama mtoto. Kurani aliijua kwa kukariri. Kusoma na kuandika hakujua. Mimi, nakiri, nilimpenda kama mtu anavyompenda anayemlisha, wala sikuwahi kufikiri kwamba ana la kunifunza.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani. Maalim alikwenda Kidichi kwa ndugu zake kwa siku mbili, akaniachia beti za kunakili. Chumba bila yeye kilikuwa kimya mno, nikachukua nakala yangu nikaenda kukaa kizingitini mwa jiko. Bi Mize alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Basi soma na mie nisikie," alisema. "Siku zote mnajifungia huko, mie nnapata mng'ung'uno tu."

Nikasoma. Alikuwa akiitikia kwa pua, mm, mm, huku nazi ikidondoka sahanini. Nikafika hapa:

Neno la kwanza ni lile
lina nguvu kasimile
ukilikamua tele
la tatu maji likawa.

Mkono wake ukasita. "Rejea."

Nikarejea.

"Maalim anasemaje hapo kwenye kasimile?"

"Anasema neno hilo ni la Kiarabu, linatokana na kugawa. Maana yake, neno la kwanza lina nguvu ya kugawa haki na batili."

Bi Mize alicheka hata akashuka kwenye mbuzi. Alicheka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kugawa! Na hili nnalolikamua kila siku nini? Tui zito la kwanza, mwanangu, hiyo ndo kasimile. La pili jepesi. La tatu maji, unamwagia kuku. Maneno yako ukiyarudiarudia yanakuwa maji. Hilo nalo la kutafutia kamusi?" Kisha akaacha kucheka. "Huyo alotunga huyo mpishi."

"Hapana, Bi Mize. Mwenyewe kajitaja mwisho. Kasema yeye mbishi." Nikamsomea ubeti wa mwisho.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaurudia mstari wa pili taratibu, kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayemsahihisha mtoto bila kumwaibisha. "Mpishi nisiye haya." Akanyoosha mikono yake miwili chini ya mwanga wa uwazi. Kutoka vidoleni hadi viwikoni ilikuwa na makovu ya moto, mengine ya zamani meupe, mengine ya juzi. "Moto utamjuaje mbishi? Moto unanijua mie."

Nilikwenda chumbani nikimwacha na nazi yake. Nikaitoa hati kwenye kidaka, nikaifungua mwisho, nikaitazama herufi. Be, nukta moja. Nikatazama neno penda katika ubeti wa juu yake: be, nukta moja. Pata, pole, pepo: nukta moja, nukta moja, nukta moja. Kila be katika hati ile Maalim aliiuliza, isipokuwa hii. Nikaanza utenzi upya, na nyumba nzima ikageuka. Beti tulizozieleza kuwa mafumbo zilikuwa jiko: jivu linaloficha kaa, chumvi inayotiwa kabla ya kuonja, mtu anayepuliza moto kwa ajili ya wengine na kula ukoko. Nilikaa sakafuni na hati mapajani. Furaha niliyoihisi sijawahi kuihisi tena juu ya karatasi yoyote, na hofu ilikuja pamoja nayo.

Mwezi mzima wa Ramadhani nilinyamaza. Nilikwenda, nikasoma, nikanakili mbishi, mbishi, mbishi, nikijua. Kutoka barazani maneno ya wazee yalipanda mpaka kwetu: "Kitabu cha Haroub kitatuinua." "Kadhi yule alikuwa bahari, na sasa dunia itajua." Mara nyingine waliita kutoka chini, "Haroub! Babu yako anatuletea fahari!" na Maalim alitabasamu upande wa dirisha asiloliona vizuri. Siku nyingine nilifuturu nao. Bi Mize alinimiminia uji wa pilipili manga, akaniinamia sikioni, "Ushamwambia?"

"Bado."

"Mwambie. Nikimwambia mie atasema mpishi anajipigania."

Alikuwa ameona kitu ambacho mimi nilikuwa sijakiona. Jambo lile likitoka kinywani mwake lingechekwa. Likitoka kwangu, huenda likasikilizwa. Nami nilikuwa na la kupoteza: Maalim alishaahidi kuniandikia barua ya kuniombea nafasi chuoni, na zaidi ya barua, nilimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza ninaonaje, kisha akangoja jibu. Unamwendeaje mtu kama huyo kumwambia umekosea pale pale ulipojivunia?

Siku nane kabla ya mhadhara aliniita. "Zuhura."

"Naam, Maalim."

"Nisomee ubeti wa mwisho kutoka kwenye hati yenyewe. Siku ile nataka kuusoma bila karatasi, nisije nikatetereka."

Nikaitoa. Nikasoma: "Mwenye kuyatunga haya, mpishi nisiye haya."

"Mbishi," alisema kwa upole. "Ulimi umekuteleza."

Nikasoma tena. "Mpishi nisiye haya."

Alidhani simsikii. "Be, mwanangu. Mbishi."

Mara ya tatu nikasoma vile vile, kwa pe.

"Nani kakwambia?"

"Ni wewe, Maalim. Ulisema kila be iulize."

Kabla hajajibu nikamweleza yote mbio mbio, jivu, chumvi, ukoko, tui. Nilipotaja kasimile alinyanyua mkono. "Kasimile nnalijua. Nimekula nazi tangu sijaota meno. Lakini neno la jikoni katika utenzi wa nasaha? Nililikataa." Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Karne ile, katika nyumba ya kadhi, wapishi walikuwa nani? Sema."

"Watumwa, Maalim."

"Kwa hiyo unataka nimtoe babu yangu kitabuni nimtie mtumwa wake. Na mtumwa huyo kaandikaje hati nzuri hivi?"

Jibu lilikuwa tayari kinywani, na mpaka leo sijui lilitoka wapi. "Pengine hakuandika. Pengine yeye kasema, mwingine akaandika. Kama wewe na mimi."

Aligeuza uso wake kuelekea nilipo, na lile jicho moja likanitafuta halikunipata. "Funga hati," alisema. "Nenda kwenu."

Nilipita mbele ya jiko na mkoba wangu. Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni na upawa, amesikia kila kitu, maana nyumba ile haikuwa na siri. Hakusema nimefanya vyema wala vibaya. Alisema, "Ngoja ule." Wali ulikuwa umeshapakuliwa, mvuke unapanda. Nikamwambia sina njaa, nikashuka ngazi. Maneno hayo ndiyo ya mwisho niliyomwambia Bi Mize duniani, na yalikuwa uongo, maana nilikuwa na njaa sana.

Mhadhara haukuwapo. Nilijua kwa kupita barazani siku uliyopangiwa, nimejifunika buibui hadi machoni. "Kauahirisha," mmoja alikuwa akisema. "Macho yamemtupa kabisa." "Na yule msichana aliyekuwa akimsomea?" "Kamkimbia. Vijana wa siku hizi." Nilikwenda zangu. Niliamini nimekiua kitabu cha mtu kwa herufi moja. Mwaka ulipokwisha nilipata nafasi ya ualimu Pemba, na huko nilipata habari kwamba Maalim Haroub amefariki. Meli ilikuwapo. Sikupanda. Nilimwandikia Salma barua ya rambirambi ya mistari mitano, iliyo safi kisarufi.

Miaka iliyofuata nilifundisha watunzi wa karne ile mpaka nikastaafu. Wanafunzi waliniita Bi Be, kwa sababu nilikuwa sichoki kuwaambia kila be waiulize, na mimi nilijifanya silijui jina hilo. Nilifundisha tenzi zenye majina ya watunzi na majina ya baba zao na makaburi yanayojulikana. Utenzi ule sikuufundisha, maana haukuwahi kuchapishwa, lakini kila mwaka niliposimama mbele ya darasa kueleza urithi tulioachiwa, nilisikia uongo mdogo ndani ya sauti yangu. Tunawauliza wale watunzi walisoma kwa nani. Nani alikuwa akiwapikia hatuulizi, wala kama mpishi alikuwa akisikiliza. Nilikuwa ninalijua jambo hilo kuliko mtu yeyote kisiwani, na nilinyamaza kwa sababu kulisema kungenirudisha kwenye ngazi zile, nikishuka, na wali ukipoa nyuma yangu.

Nimefungua. Fundo lilikuwa gumu, nimelifungua kwa meno. Ndani yake mna harufu ya karafuu na ya sanduku la mwanamke, udi na kanga zilizokunjwa muda mrefu, na mna sharahi ya Maalim Haroub, yote, kwa mkono wake, kwa wino mweusi ninaoujua. Ukurasa wa kwanza nilidhani umechafuka. Kisha nikasogeza taa. Chini ya be ya neno mbishi, kando ya nukta yake moja nyeusi, zimeongezwa nukta mbili za wino wa buluu, zikawa tatu: pe. Ukurasa wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, mara nne katika ukurasa mmoja. Maalim ambaye daima alitia pe nukta tatu alikuwa amerudi kwenye kitabu chake chote, be moja baada ya nyingine, akaziuliza. Mpishi kasema. Mpishi kakusudia. Mpishi alikuwa mjuzi wa fikihi! Nimecheka peke yangu hapa mezani, na nilipomaliza kucheka nilikuwa ninalia.

Kurasa za mwanzo nukta zimekaa mahali pake. Baadaye zinaanza kupotea njia. Moja imeangukia mstari wa chini, nyingine pembezoni, nyingine zimetoboa karatasi kwa nguvu ya mkono usioona. Jicho lilikuwa linazimika, naye anaendelea. Pale kwenye maelezo ya kasimile amekata mistari yote ya kugawa haki na batili, na juu yake, kwa wino ule ule wa buluu na herufi kubwa zilizopanda na kushuka, ameandika: *Tui zito la kwanza. Kwa mapokezi ya Bi Mize, wa Bwejuu.* Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwataja masheikh wake, kwa mapokezi ya fulani, wa mahali fulani. Na Bi Mize aliilaza karatasi hiyo sandukuni mwake miaka yote, jina lake limo ndani, asiweze kulisoma, akingoja aje wa kumsomea.

Ukurasa wa mwisho ni ubeti wenyewe, aliounakili kwa mkono wake enzi za macho mazuri. Mwenye kuyatunga haya. Na hapo, kwenye neno ambalo kwa ajili yake kurasa zote zile zilitobolewa, hapana buluu. Be imebaki na nukta yake moja. Nikadhani alichoka, au hakupaona. Nikageuza karatasi upande, maana pembezoni palikuwa na maandishi yaliyokwenda mshazari kama ngazi ya nyumba yao, nikayasoma herufi kwa herufi, nikijikwaa.

*Hapa atatia Zuhura.*

Nimetafuta kalamu, nikalikumbuka lile funzo la pili, hati ya mtu haitiwi nukta, lakini mwenyewe kaniruhusu. Nikatia ya kwanza. Nikatia ya pili. Nikausoma ubeti wote kwa sauti, polepole, kama ningeusoma kizingitini mwa jiko, kisha nikausoma na ule mstari wa buluu wenye jina la Bi Mize. Wino ulipokauka nikainuka nikaenda jikoni, nikavunja nazi. Nilikuwa na njaa.